Miezi kumi, na bado siwezi kujibu

Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Baraka, mashariki mwa Kongo. Vita vya 1996 vilitukuta Fizi nikiwa mtoto, tukavuka Ziwa Tanganyika. Shangazi yangu alinilea Ujiji, nikasoma shule ya Tanzania mpaka darasa la saba, masomo yote kwa Kiswahili. Niliporudi kwetu nilianza kuuza ndagala kavu, na sasa mimi ni sekretere wa AVEC yetu, kikundi cha akiba na mikopo cha akina mama. Kazi naiweza. Shida ni wageni wa mashirika. Mikutano yao ni Kifaransa mwanzo mpaka mwisho. Ninasikia kidogo wanachosema, lakini nikiulizwa, maneno yote yanatoroka. Mwezi uliopita kijana mmoja wao alinitafsiria, halafu akasema mbele ya wenzangu kwamba kikundi kitafute sekretere aliyesoma.

Nilijiandikisha masomo ya jioni. Mwalimu aliahidi kwamba baada ya miezi mitatu tutaongea. Leo ni miezi kumi, mara mbili kwa juma, saa moja kila mara, tuko kama ishirini na tano darasani. Bado siwezi kujibu. Mwanangu yuko darasa la sita, ananicheka nikisoma kwa sauti. Niambie ukweli: mtu mzima anahitaji muda gani ili aongee Kifaransa bila kukwama? Au umri umenipita, nimwachie mwingine kiti?

Mama wa ndagala, Baraka

Mama,

Kiti usikiachie. Nitakuja huko, lakini kwanza tufanye hesabu, kwa sababu barua yako imebeba hesabu ambayo sekretere wa AVEC angeifanya mara moja kama ingekuwa ya pesa.

Mara mbili kwa juma, saa moja kila mara, kwa miezi kumi: zinakaribia saa themanini na tano. Toa siku za mvua, siku mwalimu hakufika, siku ndagala ziliingia nyingi ukabaki kwenye mchanga mpaka giza. Tuseme sabini. Walimu wa Kifaransa duniani hupima wanafunzi kwa ngazi sita, kutoka A1 hadi C2, na makadirio yao ya kawaida ni kwamba ngazi ya kwanza peke yake, ile ya kusalimu, kujitambulisha na kushika sentensi fupi, inachukua saa 60 hadi 100 za darasa. Basi hujachelewa. Uko pale pale ambapo mtu mwenye saa sabini huwa, hata angekuwa anasomea Berlin. Aliyekuahidi kuongea baada ya miezi mitatu alikuuzia kitu ambacho hakipo, na nimeudhika kwa ajili yako, maana umebeba aibu ya ahadi ambayo si wewe uliyeitoa.

Tuendelee na hesabu. Ngazi ya B1, ambapo mtu anaeleza kazi yake, anasimulia kilichotokea jana na kujibu maswali ya kawaida bila kumtazama mtafsiri, hukadiriwa kuwa saa 350 hadi 400 tangu mwanzo. B2, ambapo unaweza kubishana, kukataa kwa hoja na kusoma mkataba, ni saa 550 hadi 650. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani ina chuo chake cha lugha kwa wanadiplomasia, na Kifaransa wamekitengea wiki 30 hivi darasani. Hao ni watu wazima wenye digrii, wanaolipwa mshahara wakisoma, hakuna jiko wala soko linalowangoja, na Kiingereza chao kimejaa maneno yaliyotoka Kifaransa. Nao wanahitaji karibu miezi saba ya kutwa nzima! Chuo hichohicho kinakitengea Kiswahili wiki 36. Kwao wao, lugha unayoitumia kujadiliana bei kila asubuhi ni ngumu kuliko hiyo inayokunyima usingizi.

Sasa jibu uliloliomba. Ukitoa saa moja kila siku, siku sita kwa juma, mwaka unakupa saa 300 hivi. Ukizijumlisha na sabini ulizo nazo, unafika kwenye mlango wa B1 mwaka mmoja kuanzia leo. Mwaka wa pili unakufikisha B2. Lakini takwimu hizo zilitengenezwa kwa watu wenye vitabu, umeme na utulivu, na kwetu kuna homa, kuna vilio, kuna siku za kufunga mizigo na kukimbia. Kwa niliyoyaona kwa watu wazima niliowafundisha, mimi nakuambia hivi: mwaka mmoja hadi mwaka na nusu ili ujibu wageni kuhusu kazi yako mwenyewe, miaka miwili na nusu au mitatu ili uongee mambo yoyote bila hofu, na kuandika raporti nzuri kutachelewa zaidi ya kuongea, tena sana. Ukibaki na saa mbili kwa juma, safari hiyo ya miaka miwili na nusu au mitatu itakuwa ya miaka saba na nusu hadi tisa, na mtu yeyote angekata tamaa njiani.

Kwa hiyo usiniulize miezi, niulize saa. Na hata saa zenyewe, tuzifungue tuone ndani yake kuna nini. Darasa la watu ishirini na tano, dakika sitini. Mwalimu akinyamaza kabisa na kugawa muda wote sawasawa, kila mmoja anapata karibu dakika mbili na nusu za kuongea. Mara sabini, hazifiki saa tatu. Na mwalimu hanyamazi: anaandika kitenzi ubaoni, nyote mnaimba pamoja je, tu, il, nous, vous, ils, kisha anafuta. Ndiyo sababu unasikia lakini hujibu. Masikio yako yamefanya kazi miezi kumi, kinywa chako kimefanya kazi jioni moja. Hii haina uhusiano na akili yako, na haina uhusiano na miaka 38.

Kuhusu umri, kuna uchunguzi ambao nautaja kila ninapopata nafasi. Mwaka 1978 watafiti wawili, Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wa lugha ya Kiingereza waliohamia Uholanzi, watoto kwa wakubwa, wote wakijifunza Kiholanzi. Watu walitegemea watoto wadogo waongoze. Katika miezi ya kwanza waliotangulia walikuwa vijana wa miaka kumi na mbili hadi kumi na tano pamoja na watu wazima. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano walikuwa nyuma. Mtu mzima anashika kanuni haraka kwa sababu tayari anajua lugha ni kitu gani. Kinachomshinda ni matamshi, na hapo sitakudanganya: ile u ya *rue* na *du*, ambayo si i wala si u yetu, na sauti za puani za *an*, *on*, *in*, huenda zisikae vizuri kamwe. Haidhuru. Mbunge wa Kinshasa ana lafudhi yake, Mfaransa wa Marseille ana yake.

Wewe una mali nyingine usiyoihesabu. Nadhani Kibembe unakijua, Kiswahili cha Fizi na cha Kigoma vyote viwili unavyo, na soko la Ujiji lilikuachia Kiha kidogo. Mtu aliyekwisha kuishi ndani ya lugha mbili au tatu haogopi kwamba kitu kimoja kina majina mawili. Wengi wanaoanza Kifaransa wakiwa na lugha moja tu hupoteza miezi kwa kushangaa kwa nini jina linaburuta maneno mengine yafanane nalo. Wewe tangu utotoni unasema kitabu kizuri, vitabu vizuri, mti mzuri, miti mizuri. Kifaransa kina makundi mawili tu, *le* na *la*. Ugumu wake ni kwamba jina lenyewe mara nyingi halikuonyeshi liko kundi gani, kwa hiyo usijifunze *caisse*, jifunze *la caisse*, pamoja kama pumzi moja, tangu siku ya kwanza.

Na Kifaransa chako tayari kiko sokoni na kwenye mkutano wa Jumamosi. Komite, prezida, sekretere, kese, kredi, amande, raporti, proje: yote hayo unayasema bila kufikiri. Anzia hapo. Achana kwa sasa na kitabu kinachokufundisha kuagiza divai katika mkahawa wa Paris. Chukua kaye mpya, uandike sentensi thelathini ambazo sekretere wa AVEC anaulizwa kila wageni wanapokuja: tuko wanachama wangapi, kila mmoja ananunua hisa ngapi, akina mama wangapi wamekopa, nani amechelewa kulipa na kwa nini, tutagawana lini. Mtu aliyesoma akusaidie kuzinyoosha. *Nous sommes trente membres. Chaque samedi, nous achetons des parts. Deux femmes n'ont pas encore remboursé, parce que la pêche était mauvaise.* Kisha zisemwe kwa sauti, ukianika ndagala, ukipepeta unga, mpaka zitoke zenyewe. Baada ya hapo badilisha kipande kimoja kimoja: si wawili, ni watano, si uvuvi, ni ugonjwa. Ninaamini kabisa kwamba sentensi thelathini zilizoiva, zinazogeuzwa hivyo, zitakufikisha mbali kuliko kurasa mia za vitenzi.

Kaza sana kwenye tarakimu, kwa sababu pesa hazisamehe. Hapa una bahati: Kifaransa chetu kilikuja na Wabelgiji, kwa hiyo sabini ni *septante* na tisini ni *nonante*, rahisi. Ukisikia redio ya Ufaransa ikisema *soixante-dix*, yaani sitini na kumi, au *quatre-vingt-dix*, yaani ishirini nne na kumi, usidhani umesahau ulichofundishwa. Themanini tu ndiyo hatukuokolewa: *quatre-vingts* ni yao na ni yetu.

Kuna mtego mmoja ambao nimeuona ukiwaumiza watu waaminifu, nao nataka uukariri kabla ya mkutano ujao. Mtu akikuuliza kwa Kiswahili, "Hamkupata pesa?", nawe kweli hukupata, unajibu, "Ndiyo, hatukupata." Kwa Kifaransa, *Vous n'avez pas reçu l'argent?* ukijibu *oui*, anayeuliza atabaki hajui umekubali nini, na anaweza kuandika kwamba mlipokea. Kama hamkupokea, sema *non*. Kama mlipokea, sema *si*. Tena usiishie kwenye neno moja, malizia sentensi: *Non, nous n'avons rien reçu.* Kosa la *il* na *elle* wageni watalielewa tu. Sisi sote tunalifanya, maana "a" yetu haiulizi kama ni mwanamume au mwanamke. Kosa la *oui* linaweza kuingia kwenye raporti ya pesa na jina lako chini yake.

Masikio yasiachwe. Radio Okapi tangu 2002 inatangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Sikiliza habari za Kiswahili kwanza, ujue nini kimetokea, halafu zile za Kifaransa. Habari ni ileile, majina ya watu na miji ni yaleyale, na akili itaanza kujaza pengo. RFI nayo ina taarifa ya kila siku ya dakika kumi inayoitwa *Journal en français facile*, iliyoandaliwa kwa wanaojifunza, na maandishi yake yanapatikana kwenye tovuti yao kwa mwenye simu na mega kidogo. Isikilize mara mbili siku hiyohiyo.

Lakini kinywa kinahitaji mtu wa kumjibu. Barabara ya Uvira inapita Lusenda, na kambi ya wakimbizi ya hapo imejaa Warundi tangu 2015. Wengi wao walisoma kwao kwa Kifaransa. Katika watu hao wanaokuja soko la Baraka hutakosa mama mmoja mwenye subira ambaye atafurahi kuongea nawe nusu saa mara tatu kwa juma, umlipe kwa sahani ya ndagala au kwa pesa mtakayokubaliana. Ongea naye kabla ya kulipa tena masomo ya jioni. Mwalimu wako nenda ukamwone, umwombe awagawe wawili wawili muulizane maswali nusu ya kipindi. Akikubali, baki. Akikataa, pesa hiyo mpe huyo mama wa Lusenda.

Sasa kiti.

Yule kijana alikosea, na alikosea kwa jambo zito. Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya kwanza kabisa, inasema lugha rasmi ya nchi ni Kifaransa, na lugha za taifa ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba, na kwamba Dola linazikuza bila ubaguzi. Hakuna panapoandikwa kwamba mama wa Baraka akisimama Baraka kueleza pesa za akina mama wa Baraka, lazima afanye hivyo kwa Kifaransa. Shirika limekuja kwenu. Kutafuta mtafsiri ni kazi yake, na kutafsiri hakumpi mtu ruhusa ya kukupima. Hata mpango wenyewe wa vikundi hivi vya akiba ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma lugha yoyote. Sanduku lilikuwa na kufuli, hesabu ilitajwa mbele ya wote, na pesa hazikupotea kwa kukosa Kifaransa.

Na kuna mgeni mmoja aliyepita Fizi ambaye ningependa kijana huyo amsome. Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akakaa na wapiganaji katika milima yenu mpaka Novemba. Kifaransa alikuwa nacho. Kiswahili alipewa kijana Mkongo amfundishe, Freddy Ilanga, ambaye baadaye alipelekwa Kuba, akaingia katika lugha ya watu wengine na kuwa daktari huko. Che alipoandika kumbukumbu za miezi ile alijilaumu kwamba hakujitahidi vya kutosha kujifunza Kiswahili: Kifaransa kilimwezesha kuongea na viongozi, lakini kilimtenga na wapiganaji wa kawaida. Alikuwa na lugha ya juu, akakosa ile ya watu. Wewe ya watu unayo yote. Wanachama wako wanakuelewa wakiwa na hasira, wakiwa na msiba, wakitaka kuficha deni. Ukimwachia kiti msichana mwenye diplome ambaye hawamwamini, wageni watapata maongezi mazuri na kese itapata matatizo.

Kwa hiyo mkutano ujao ufanye hivi. Simama wewe. Sema kwa Kifaransa sentensi tano za kwanza, zile zilizoiva: jina lako, kazi yako, idadi ya wanachama, pesa iliyoko, shukrani. Kisha sema, *Je continue en swahili, s'il vous plaît*, uendelee kwa Kiswahili, na mtafsiri atafsiri. Wakikuuliza haraka, *doucement, s'il vous plaît*, wala usicheke kwa aibu unapolisema. Mkutano unaofuata ziwe sentensi kumi. Raporti za kuandika, kwa mwaka huu tafuteni binti wa mmoja wenu aliyemaliza sekondari, mmlipe kidogo kutoka kwenye kikundi, lakini usiweke sahihi kabla hajakusomea yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na baada ya sahihi nakala moja ibaki kwako. Hizo nakala ndizo zitakuwa kitabu chako cha kuandika Kifaransa, maana kila kilichomo unakijua tayari.

Ukipoteza wiki tatu kwa sababu ya ugonjwa au kwa sababu njia zimefungwa, usianze upya kutoka ukurasa wa kwanza. Rudia sentensi zako siku mbili, uendelee pale ulipoishia.

Imebaki habari ya mwanao. Anacheka kwa sababu shuleni na wao huchekana hivyohivyo. Usimfanye mwalimu wako, maana itamwelemea na itakuvunjia heshima nyumbani. Mwaka huu ana mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, na maswali yatakuja kwa Kifaransa. Kila jioni chukueni kitabu chake cha kusoma. Yeye asome nusu ukurasa kwa sauti, wewe umfuate kwa macho usikie jinsi maneno yanavyotamkwa. Kisha umuulize: hapa wamesema nini? Akueleze kwa Kiswahili. Usishangae akinyamaza, watoto wengi wa darasa la sita wanasoma vizuri sana maneno wasiyoyaelewa. Hapo mtatafuta maana pamoja, yeye na kamusi ya shule, wewe na zile sentensi zako, na kesho yake asubuhi, kabla hajavaa viatu, mwulizane tena maneno matano ya jana.